Alichosomewa Mama Yunisi

Serikali ya Mwingereza ilikuwa na ugonjwa wa kuhesabu. Ilihesabu ng'ombe, ikahesabu nyumba, ikahesabu vichwa vya wanaume, na kila ilipomaliza kuhesabu kitu, wenyewe walibaki na pungufu ya walichokuwa nacho. Basi mwaka ule wa hamsini na tatu, karani Ezekieli alipoegemeza baiskeli yake penye kisima cha Mtinko, akafungua daftari, akaanza kuwauliza wanawake kila mmoja kazaa mara ngapi na wangapi wako hai, hakuna aliyemtukana. Walimtazama tu, wakajitwika mitungi yao, mingine haijajaa, wakaondoka.

Kwa Wanyaturu wa kule mtoto hakuwa kitu cha kuhesabiwa. Mtaje kwa jina, msifu, mgombeze, lakini ukisema "ninao sita" umemwonyesha mauti mlango wa nyumba yako. Ezekieli alikuwa Mnyiramba, na bibi yake mwenyewe alikuwa na mwiko huohuo, kwa hiyo alijua fika. Lakini alikuwa amepewa karatasi, na mtu aliyepewa karatasi na Serikali husahau hata alikonyonya. Alizunguka siku nne nyumba kwa nyumba. Wanawake wenye huruma, kwa kutotaka arudi mikono mitupu, walimjibu, "Sina." Mmoja alimjibu hivyo huku mtoto yuko mgongoni. Aliporudi mjini Singida, karatasi zake zilithibitisha kwamba nchi nzima ya Mtinko haina mwanamke aliyewahi kuzaa. Wale watu waliokuwa wakilima huko wametoka wapi, fomu haikuwa na nafasi ya kueleza.

Aliyezitaka karatasi hizo alikuwa Bibi Daktari mmoja Mwingereza, aliyekuwa akichunguza kwa nini kina mama wa vijijini wanakufa katika uzazi, na wenyewe wanajua nini juu ya hatari zake. Alizisoma zote, akazirudisha kwenye bahasha, akamwita mkunga wa hospitali aitwaye Anastazia, binti wa Ikungi, Mnyaturu wa kuzaliwa. Akamwambia aende yeye.

Huko Mtinko habari zilimfikia Mama Yunisi kabla ya Anastazia mwenyewe, na zilimfikia zikiwa zimepinda. Aliambiwa kwamba anakuja msichana wa Serikali kutafuta wakunga wanaoua watu.

Mama Yunisi ndiye aliyekuwa mkunga wa upande ule wote. Tangu mwaka wa nzige alikuwa akipokea watoto, kutoka kwenye mawe makubwa ya mlimani mpaka chini bondeni, na vijana wengi waliokuwa na ndevu wakati huo walianza kuiona dunia mikononi mwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno makali na vidole vyepesi. Alibatizwa ukubwani, kusoma hakujua, na hakuona kwamba kuna kitu cha uzazi ambacho mtu angeweza kukipata kitabuni. Alikuwa na kanuni yake moja, na kila mwanamke wa kule aliijua. Mzazi wa kwanza ni wa kuogopa. Kwa mzazi wa kwanza Mama Yunisi alihamia kabisa, akalala pale siku tano, akaita wanawake wengine wawili wamsaidie. Lakini aliyezaa sana hana shida, njia yake imeshazoea. Kwa huyo Mama Yunisi angeitwa uchungu ukishapamba moto, angefika bila haraka, wakati mwingine angekuta mtoto keshatangulia analia.

Na mwezi ule bintiye Elina, aliyebaki peke yake katika mabinti zake, alikuwa mzito, anasubiri siku. Elina alikuwa amezaa sana. Aliolewa na Alute, ng'ambo ya bonde, na mama yake alikuwa amekwisha kumwambia, "Wewe endelea na kazi zako. Ukisikia uchungu umekolea, mtume mtu, nitakuja."

Siku Anastazia alipofika, Mama Yunisi alikuwa uani anapura uwele. Alimwona tangu mbali, akaendelea kupura. Binti alikuja kwa miguu, amevaa kanga kama watu, akapiga magoti kwenye makapi.

"Shikamoo, mama."

Mama Yunisi alipiga fimbo yake mara tatu nne kabla ya kuitikia. "Marahaba. Wewe ndiye umetumwa kutuhesabu?"

"Kutumwa nimetumwa, mama. Ila kuhesabu nimemwachia Ezekieli. Anaweza zaidi."

Mama Yunisi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka puani. Habari za zile karatasi za nchi isiyozaa zilikuwa zimeshafika mpaka Mgori.

"Wanasema unatafuta wanaoua watu."

"Wanasema uongo. Jina lako haliandikwi popote." Anastazia aliokota fimbo ya pili, akaanza kupura naye, na kwa namna alivyoishika ilionekana kazi ile anaijua. Walipura muda mrefu. Kisha binti akasema, hamtazami mwenziwe, "Mama yangu alikufa katika uzazi pale Ikungi. Mimi nilikuwa mtoto mwenye akili tayari. Mkunga aliyekuwa naye bado yuko hai, tunasalimiana kila nikienda nyumbani. Hajawahi kuniambia ilikuwaje, na mimi sijawahi kuthubutu kumwuliza. Kwa hiyo ninawauliza wengine."

Hapo Mama Yunisi aliishusha fimbo yake. Yeye alikuwa na watoto wa namna hiyo katika nyumba kadhaa, watoto wa mama zao waliomfia mikononi, nao humwamkia njiani vizuri tu, naye huitikia na kupita haraka. Maneno ya binti yule yalimchoma.

"Kukuhesabia siwezi," alisema. "Lakini kama unataka nikusimulie, nitakusimulia."

"Nisimulie, mama. Nitaandika unavyosema."

Jamani, nani alijua kwamba mtu anaweza kubeba kitu kikubwa hivyo kichwani na bado akaenda kisimani kama wengine? Mama Yunisi alianza na nyumba ya kwanza chini ya mawe, akapanda nayo mlima nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba akamtaja mama, kisha watoto wake wote kwa majina, kwa mpangilio waliokuja. Kila mtoto alikuwa na ujio wake. Huyu alitanguliza mguu. Huyu alikuja na kitovu shingoni mara mbili, akawa wa buluu mpaka akapulizwa. Huyu alizaliwa mvua ya kwanza inaanguka, yule alizaliwa siku Wazungu walipotangaza kwamba vita vya Hitla vimekwisha, na ngoma ya watu wa jumbe ilimfanya mama yake akose hata kusikilizwa. Alipokuwa anasimulia, vidole vyake havikutulia. Vilizunguka, vilivuta polepole, viliinua kitu kisichoonekana, kana kwamba vyenyewe ndivyo vilivyokumbuka na mdomo ulikuwa unavifuata tu. Wala hakumsahau aliyekufa. Alimtaja mahali pake, palepale alipokuja, akasema ilivyokuwa, akaendelea na jirani.

Walipura, wakapepeta, wakamimina vihengeni, na masimulizi yanaendelea. Siku ya kwanza ikaisha bado wako mlimani. Siku ya pili wakashuka bondeni. Fomu za Serikali zilikwisha asubuhi ya siku hiyo ya pili. Anastazia akageuza akaandika upande wa nyuma, upande wa nyuma ukajaa, akaenda kwa jumbe kuomba karatasi, akapewa daftari la mifugo lenye kurasa tupu. Wino ulimchafua mpaka kwenye kiwiko. Mara moja tu aliacha kuandika, akamtazama yule mama mfupi aliyekuwa ameshika ungo, akasema taratibu, "Mama, hospitali nzima haina kitu kama hiki." Mama Yunisi akamjibu kwamba hospitali ingekuwa nacho kama watu wake wangejua kupura uwele. Idadi ya majina yaliyoandikwa siku zile mimi nimeambiwa, lakini sitaitaja, kwa heshima ya mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu nyumba zilikuwa zimekwisha. Anastazia alikuja na karatasi zake zimepangwa mafungu mafungu, amezifunga kwa uzi.

"Mama, naomba nikusomee," alisema. "Nimewatoa wale kina mama waliotutoka, nimewaweka pamoja. Unisahihishe nilipokosea."

Mama Yunisi aliketi kwenye kigoda. Hakuwa na wasiwasi. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, angeogopa nini?

Binti akasoma. "Mama Naftali wa chini ya mawe. Naftali, Raheli, Yohana, yule pacha aliyekufa, pacha mwenziwe Petro, Marko, Dina, Ana, na mtoto aliyekuja akiwa hai. Damu." Akafunua karatasi. "Mama Kristina, mke wa mfua chuma. Kristina, Samweli, Lea, yule aliyerudi siku hiyohiyo, Tito, Marta, Danieli, na mtoto mwanamume aliye hai. Damu." Akafunua tena. "Mama Dorkas wa bondeni. Dorkas, Alute mdogo, Naomi, Filipo, Ester, Yusufu, yule asiyepewa jina, Rebeka, Isaka, na mtoto wa kike aliye hai. Damu."

Akaendelea hivyo, sauti moja, bila kuongeza lake. Mwanzoni Mama Yunisi alikuwa anatikisa kichwa kukubali, ndiyo, ndivyo, ndivyo. Halafu kichwa kikaacha kutikisika. Kwa miaka yote wale kina mama walikuwa wamekaa ndani yake kila mmoja nyumbani kwake, katikati ya jirani zake wazima, na hajawahi hata siku moja kuwaona wamesimama pamoja. Sasa walisimama. Na kila mmoja alikuja na msururu mrefu wa watoto, mrefu mpaka binti alilazimika kuvuta pumzi katikati, na kila msururu mrefu uliishia kwenye neno lile moja.

"Rudia," alisema.

Anastazia akarudia tangu mwanzo.

"Na wale waliokufa na uzazi wa kwanza? Umewasahau?"

"Sikuwasahau, mama. Ni wawili. Mmoja kifafa kilimpiga, mwingine mtoto alikwama. Hawa hapa, chini kabisa."

"Wengine wote?"

"Wengine wote ndio hao niliokusomea."

Mama Yunisi aliinuka kwenye kigoda, akakaa tena. Binti hakuwa amesema neno hata moja ambalo yeye mwenyewe hakulisema. Alikuwa amesomewa moyo wake mwenyewe, na moyo wake ulikuwa na habari ambayo hakuwahi kupewa. Alizitazama zile karatasi magotini mwa Anastazia, zimechafuka wino na vumbi la uwele, akaziogopa kama mtu anavyoogopa madhabahu.

"Mimi nimewaambia njia imezoea," alisema. "Wote hao. Nimewaambia wasihangaike."

"Kila mkunga anasema hivyo, mama. Hata yule wa Ikungi nadhani alisema hivyo."

"Kwa nini damu?"

"Mfuko wa uzazi unachoka. Mtoto akishatoka unatakiwa ujikaze, ndipo damu izuilike. Uliobeba wengi unalegea, haujikazi." Anastazia alisita. "Hospitali ipo dawa yake."

Mama Yunisi alilishika neno hospitali, hiyo ya dawa ikampita. Alikuwa ameshachukua kanga yake na anatoka. Binti alimwuliza anakwenda wapi, akajibiwa kwa neno moja tu: "Elina."

Alishuka bondeni anataja majina ya watoto wa Elina. Klara, Laurenti, Andrea, yule aliyekufa kwa surua, Kristina, mapacha Isaka na Raheli, kisha Samsoni aliyekuwa akinyonya mpaka juzi. Alianza kuyataja penye mgunga wa kwanza, na alipomaliza alikuwa keshavuka mto mkavu.

Alimkuta Elina anatwanga, tumbo limemtangulia, anaimba. Alute naye alikuwa uani anafunga ndama kwenye kigingi. Sasa, mkwe na mama mkwe kwao hawakuzungumza uso kwa uso. Alute alipomwona mama mkwe wake aligeuka upande akajishughulisha na kamba, kama adabu inavyotaka, na Mama Yunisi naye akaweka kisogo kwake.

"Weka huo mchi," alimwambia bintiye. "Tunakwenda hospitali Singida. Utajifungulia huko."

Elina alicheka. Aliona ni mzaha. Kisha akaona uso wa mama yake. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Naogopa."

"Unaogopa nini? Mimi? Si ulisema njia yangu imezoea?"

"Nilisema uongo bila kujua ni uongo. Nimesomewa. Mama Naftali, Mama Kristina, Mama Dorkas, wote walikuwa kama wewe, na wote nimewaambia kama nilivyokuambia."

Elina aliushika mchi kwa mikono miwili. "Mama, wewe umezalisha nchi nzima. Leo umpeleke mwanao mwenyewe kwa wasichana wa mjini? Watu watasema nini? Watasema mikono yako imekufa. Nani atakuita tena?"

"Wasiniite."

Elina akatazama upande wa mumewe, aliyekuwa anaifunga kamba ile ile kwa mara ya tatu. Alute alikohoa. Akasema, akiuambia ukuta wa nyumba, kwamba kwao kondo la nyuma huzikwa nyumbani kwa baba, na kwamba amesikia huko hospitali linatupwa shimoni, na mtoto ambaye kondo lake limetupwa shimo la ugenini atatangatanga maisha yake yote.

Mama Yunisi naye akamgeukia yule ndama. "Wewe ndama," alimwambia, "ungekuwa na akili ungejua kwamba kondo nitalifunga mimi mwenyewe kwenye kibuyu na kulirudisha hapa. Nitalibeba kichwani tangu Singida mpaka hapa mlangoni. Lakini Elina akibaki hapa na damu ikatoka, wewe ndama utakuja kuniuliza nilijua au sikujua. Nami nitakujibu kwamba nilijua."

Ndama hakujibu. Alute akaiachia kamba. Kisha akauambia ukuta kwamba lori la Mhindi wa ngozi na nta litapita barabarani kesho asubuhi, na kwamba dereva wake anamfahamu.

Elina akalia kidogo, si kwa kuogopa, ni kwa aibu ya watu. Akaenda kutafuta kanga safi.

Lori liliwabeba wanawake watatu, Anastazia juu ya marobota ya ngozi pamoja na karatasi zake, Elina na mama yake mbele kwa dereva. Alute alifuata kwa miguu na mfuko wa unga. Njiani wanawake waliokuwa mashambani waliwaona, wakauliza kwa mikono wanakwenda wapi, na Mama Yunisi aliwajibu wote kwa kupaza sauti, bila kuficha, mpaka Elina akamwomba anyamaze.

Walisubiri hospitali siku mbili. Mama Yunisi hakulala kitandani, aliona kimeinuka mno. Aliuliza kila kitu, akagusa kila kitu, akamkosoa kila mtu, na wauguzi wakajifunza kupita mlango mwingine. Siku ya tatu mchana uchungu ukamshika Elina. Anastazia ndiye aliyekuwa zamu. Kanuni zilisema mama wa mzazi akae nje barazani. Anastazia alifungua mlango, akamvika Mama Yunisi joho jeupe lililomfika kwenye nyayo, akasema hakuona kanuni yoyote.

Mtoto alikuja upesi na vizuri. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi, akalia kabla hata hajaguswa. Kondo likafuata, zima. Elina alitabasamu, akasema, "Umeona, mama? Safari yote ya bure."

Ndipo Mama Yunisi akasikia. Wengine huiona damu kwanza, yeye aliisikia, inadondoka sakafuni chini ya kitanda, tone, kisha matone, kisha haikuwa matone tena. Sauti ile alikuwa ameisikia chini ya mawe, na kwa mfua chuma, na bondeni kwa Mama Dorkas. Aliona midomo ya Elina inapauka. Aliwaza kwamba sasa ataongezwa kwenye zile karatasi, Elina, na majina yote ya watoto wake mbele ya neno lile, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemsimulia.

"Mama, lete mkono," Anastazia alisema. Aliuchukua mkono wa Mama Yunisi akaubandika juu ya tumbo la Elina, chini ya kitovu. "Sugua hapa. Kwa nguvu. Usiache."

Akasugua. Chini ya kiganja chake mfuko ulikuwa laini kama ugali usioiva, hauna mwanzo wala mwisho. Aliujua ulaini ule. Kila mara alipoukuta alikuwa amefunga kitambaa, amechemsha mizizi, amemwita Mungu wa kale na Mungu mpya pamoja. Anastazia alikuwa mgongoni kwake. Kitu kidogo cha kioo kilikatika, tik, kisha sindano ikaingia kwenye mshipa wa mkono wa Elina. Mama Yunisi alisugua, machozi yanamdondokea kwenye joho la watu.

Haikuchukua muda hata wa kupepeta ungo mmoja. Chini ya kiganja chake kitu kikaamka. Aliuhisi mfuko unajikusanya, unajivuta kutoka kila upande, unapanda kuujia mkono wake, mpaka ukawa duara, ukawa mgumu kama ngumi iliyofumbwa. Aliacha kusugua. Hakuweza tena, mkono ulimfia kwa mshangao. Maisha yake yote alitumia mikono miwili juu ya wanawake, akiomba kitu hicho kitokee, hakikuwahi kutokea, na sasa kimetokea palepale, anakishika. Akasikiliza chini ya kitanda. Matone. Tone. Akangoja lingine likakawia. Akangoja tena.

"Imesimama," alinong'ona.

"Imesimama, mama."

Elina alikuwa anapumua. Alikuwa dhaifu, lakini aliuliza mtoto yuko wapi, akapewa.

Mama Yunisi aliinama akaokota sakafuni kile kichupa kilichovunjwa. Kilikuwa kidogo kuliko kidole chake cha mwisho. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta ndani yake kile kilichofanya kazi ile, hakuona kitu.

"Hiki tu?"

"Hicho tu."

"Vipo vingapi?"

"Kabati lile. Vimejaa."

"Tangu lini?"

Anastazia alikuwa ananawa mikono, akaendelea kunawa hata ilipokuwa safi. "Nilipokuja kazini nilivikuta," alisema. "Wanasema tangu vita vilipoisha."

Mama Yunisi akakaa sakafuni, juu ya saruji, na joho lake jeupe. Safari kutoka Mtinko ilikuwa ya asubuhi moja kwa lori. Kwa miguu ni siku moja ya mtu mwenye nguvu. "Mama Dorkas tumemzika mwaka jana," alisema. "Mtama ulikuwa unachanua. Alikuwa mwembamba, yule. Ningembeba mgongoni." Akalia kwa sauti, bila kuficha uso. Anastazia akaja akakaa sakafuni kando yake, naye akalia, kwa ajili ya nani hakusema.

Walipokuwa wamenyamaza, Mama Yunisi alijipangusa kwa ncha ya joho, akalivua, akalikunja vizuri. "Lile lori linarudi lini?"

"Keshokutwa, mama."

"Nitakwenda kwa miguu. Kuna mama mmoja, Mama Ignas, njia ya Mgori. Ana watoto tele, na mwezi wake ndio huu. Nilipita kwake kabla ya mavuno nikamwambia asiwe na haraka, akisikia uchungu umekolea aniite." Alikuwa tayari anatafuta viatu vyake vya ngozi chini ya kitanda. "Alute yuko barazani. Kibuyu cha kondo atakibeba yeye. Mwambieni nimesema."

"Mama," Elina aliita kutoka kitandani, "hujamshika hata mjukuu wako."

Mama Yunisi alisogea, akamtazama mtoto, akamgusa bintiye shavuni kwa mgongo wa mkono, shavu likiwa na joto.

"Wewe upo," alisema. "Mama Ignas bado ananisubiri nikamzalishe kulekule nyumbani."

Akajifunga kanga kiunoni, akatoka.